Fosfo-ULK1 (Ser757) kwenye westani bloti: fanya hivi kabla hujailaumu antibodi

Naandika hii kwa sababu maswali ni yale yale kila wanafunzi wapya wakiingia maabara kupima fosfo-ULK1, yani protini ULK1 iliyobandikwa fosfati, kwa westani bloti: unatenganisha protini kwenye jeli, unazihamisha kwenye membreni, unaitafuta unayoitaka kwa antibodi. "Antibodi yangu ya fosfo-ULK1 haitoi kitu, ninunue ya kampuni nyingine?" "Mbona seli nilizozinyima chakula ndo zina bendi ndogo, si otofaji ilitakiwa ipande?" "Mbona bendi iko 150 kDa (kilodaltoni, uzito wa protini) wakati protini yenyewe ni 112?" Basi majibu yote nayaweka hapa, mtu akikuuliza mtumie asome. Na nikwambie mapema tu, mara nyingi antibodi haina kosa lolote, fosfati ilishabanduka kwenye protini kabla hujafungua hata kile kityubu, imepotea zile dakika ulizokuwa unahangaika kutafuta skrepa huku sahani ya seli iko mezani inapata joto.

Nadharia kidogo, usiiruke

ULK1 ni kinasi, yani kimeng'enya kinachobandika fosfati, ndo inayowasha otofaji, ule mfumo wa seli kula vitu vyake vya ndani ili ipate malighafi. Seli ikishiba, yani ina amino asidi na insulini ya kutosha, mTORC1 (kinasi nyingine, inayohisi shibe) inaibandika ULK1 fosfati kwenye serini namba 757 (ndo Ser757), na fosfati hiyo ikikaa pale ULK1 haishikani vizuri na AMPK (kinasi inayoamka seli ikipungukiwa nguvu), otofaji inabaki imezimwa. Seli ikinyimwa chakula mTORC1 inazima, fosfati inatolewa, ULK1 inakuwa huru. Haya yalionyeshwa 2011 na maabara ya Kun-Liang Guan kule San Diego, na hapo hapo wakaonyesha kwamba AMPK yenyewe inabandika sehemu nyingine, Ser317 na Ser777, ambazo kazi yake ni kuiwasha.

Kwa hiyo: seli ikishiba bendi nzito, seli ikiwa na njaa bendi inafifia. Sio kinyume chake! Nusu ya watu wanaokuja na bloti "iliyoharibika" wana bloti nzuri kabisa, wameisoma kichwa chini miguu juu. Na angalia vizuri namba kwenye kityubu chako, maana kuna antibodi za Ser555, Ser317, Ser777 na Ser757, zote zimeandikwa fosfo-ULK1 kwa herufi kubwa na namba kwa herufi ndogo, na Ser555 ni ya AMPK sio ya mTORC1, ukiichukua hiyo ukategemea tabia ya Ser757 utapoteza wiki nzima.

Kitu kingine, 757 ni hesabu ya panya. Kwenye protini ya binadamu serini hiyo hiyo inahesabiwa 758. Ukisoma makala moja wanasema 757 nyingine 758 usidhani ni vitu viwili, na antibodi iliyoandikwa 757 kwa kawaida inasoma zote mbili, hakikisha tu kwenye datashiti kwamba wameipima kwa seli za kiumbe unachotumia.

Vitu vya kuwa navyo mezani kabla hujaanza

Sio "nitaviagiza njiani". Viwepo.

- Antibodi ya fosfo-ULK1 (Ser757), nyingi ni za sungura, na antibodi ya ULK1 ya jumla, yani ile inayosoma ULK1 yote iwe na fosfati au haina. Bila ya jumla usianze kabisa.
- Antibodi ya pili, dhidi ya sungura, yenye HRP (kimeng'enya kinachofanya bendi ing'ae ukiweka ECL).
- Seli. HEK293, HeLa au MEF zinatosha kujifunzia. Usianzie kwenye tishu ya mgonjwa au ini la panya, utalia.
- Midia kamili yenye serumu, na EBSS (maji ya chumvi yasiyo na amino asidi wala serumu) kwa ajili ya kunyima chakula.
- Torin 1 (dawa inayozima mTORC1) kama mnayo, hiyo ndo kontroli safi kuliko zote.
- PBS ya baridi ya kuoshea seli, TBS yenye Tween-20 asilimia 0.1 (TBST) ya kuoshea membreni.
- Bafa ya kuvunjia seli (RIPA inafaa), vizuizi vya protizi (vimeng'enya vinavyokata protini), na vizuizi vya fosfatizi (vinavyobandua fosfati): sodiamu floridi, beta-gliserofosfati, sodiamu pairofosfati, sodiamu othovanadeti. Vidonge vya kampuni vyenye mchanganyiko tayari ni sawa pia.
- BCA ya kupimia protini, bafa ya Laemmli (ya kupakilia sampuli kwenye jeli), jeli ya asilimia 6 hadi 8 au gredienti ya 4 hadi 12.
- Membreni ya PVDF ya mikromita 0.45, methanoli, Ponceau S (rangi inayoonyesha protini kwenye membreni).
- BSA (albumini ya ng'ombe) ya kubloku membreni. Wanaotumia maziwa badala yake tutawaongelea baadae.
- ECL (kimiminika cha kung'arisha bendi), ile yenye nguvu zaidi ya kawaida, maana ULK1 haipo nyingi kwenye seli.
- Barafu. Nyingi. Ndoo ijae, sio kile kibakuli.

Vanadeti ina utaratibu wake: unaiweka pH 10, unachemsha, inakuwa haina rangi, unarudisha pH 10, unachemsha tena mpaka itulie bila rangi. Ikiwa bado ya njano haijawa tayari. Ila kumbuka vanadeti inalinda zaidi tairosini, na sisi tunatafuta serini, kwa hiyo mtu akikwambia "nimeweka vanadeti, inatosha" mwambie haitoshi, floridi na beta-gliserofosfati ndo walinzi wako hapa.

Hatua

1. Pokea antibodi vizuri. Ikifika soma karatasi yake yote, kuna kiasi cha kuchanganya, kuna saizi ya bendi, kuna viumbe waliopimwa. Nyingi zimewekwa kwenye gliserini asilimia 50, hizo hazigandi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri na kampuni nyingine zinasema wazi usizigawe kwenye vityubu vidogo vidogo. Fuata walichoandika. Friza inayojiyeyusha barafu yenyewe sio mahali pake, inapanda na kushuka joto kila siku, kama hamna nyingine basi iweke ndani ya boksi la foamu pamoja na pakiti za barafu. Umeme ukikatika boksi hilo hilo linakusaidia masaa kadhaa, antibodi kwa kweli sio kitu cha kukupa presha sana umeme ukikata, cha kukupa presha ni sampuli zako, nitafika huko.

2. Panga seli na makundi. Panda seli zifike asilimia 70 mpaka 80 siku ya kazi. Usiziache zijae mpaka midia inageuka njano, seli za hivyo zimeshaanza kula zenyewe, mTORC1 imeshashuka, alafu kontroli yako "iliyoshiba" haina bendi na unaanza kuitukana antibodi. Makundi ya kuanzia ni manne:

   a) midia kamili
   b) EBSS saa 1 mpaka 2
   c) midia kamili na Torin 1 nanomola 250 kwa saa 1
   d) EBSS, kisha midia kamili tena dakika 30, yani unailisha tena

Kundi b na c bendi ishuke, d ipande tena. Ukipata hivyo basi umemaliza kazi ngumu, hayo mengine ni ya utafiti wako.

Hapa kuna mtego ambao hauandikwi sana. Midia mpya peke yake inashtua mTORC1 kwa sababu inaleta amino asidi freshi. Kwa hiyo wakati unawawekea kundi b EBSS, kundi a nalo libadilishie midia kamili mpya muda huo huo, la sivyo unalinganisha midia ya jana na EBSS ya leo. Seli za b zioshe mara mbili kwa EBSS yenyewe yenye joto la 37 kabla ya kuanza kuhesabu muda, serumu kidogo tu ikibaki inatosha kuharibu.

EBSS ina glukosi. Ni njaa ya amino asidi na serumu, sio njaa ya sukari, usije ukaandika kwenye tasnifu umezinyima kila kitu. Na usiende masaa nane au kumi ukidhani njaa ndefu ndo bora, otofaji yenyewe ikishafanya kazi inarudisha amino asidi ndani ya seli na mTORC1 inaweza kuamka tena, bendi ikarudi, tena ULK1 ya jumla nayo inaweza kupungua. Fupi ndo safi.

Rapamaisini (dawa nyingine ya kuzuia mTORC1)? Inatumika, ila haizimi kazi zote za mTORC1, ukiona bendi imepungua kidogo tu usishangae. Torin inabana kinasi yenyewe.

3. Andaa bafa kabla hujagusa seli. Vizuizi viingie kwenye RIPA asubuhi ile ile: floridi milimola 10 hadi 50, beta-gliserofosfati milimola 10, pairofosfati milimola chache, vanadeti milimola 1, na vya protizi. Weka kwenye barafu. Tyubu ziandikwe majina, ziwe kwenye barafu. Skrepa zifunguliwe. Sentrifuji iwashwe ipoe kwenye nyuzi 4. Yani uwe kama mtu anayesubiri daladala ya mwisho, kila kitu mkononi.

4. Vunja seli. Hii ndo hatua yenyewe, nitakaa hapa.

Toa sahani moja kwenye inkubeta, sio zote sita. Weka juu ya barafu, ikae bapa, plastiki iguse barafu na sio kuelea hewani (ukiweka maji kidogo kwenye barafu inashika vizuri zaidi). Mwaga midia, osha na PBS ya baridi mara moja au mbili haraka, alafu inamisha sahani unyonye PBS yote mpaka ile inayojikusanya pembeni, maana ikibaki inaifanya bafa yako kuwa nyepesi na vizuizi vinakuwa dhaifu. Weka bafa, mikrolita 80 mpaka 100 kwa shimo la sahani ya mashimo sita, kwangua, ingiza kwenye tyubu. Toka kwenye inkubeta mpaka kwenye bafa isizidi dakika moja na nusu hivi. Kisha sahani inayofuata.

Usitumie tripsini. Narudia, usitumie tripsini kung'oa seli kwa bloti ya fosfo, zile dakika za 37 na zile za kuzungusha kwenye sentrifuji seli zinapata shtuko na ishara zote zinabadilika, unachopima hapo ni shtuko la tripsini.

Acha tyubu kwenye barafu dakika 15 hadi 20 ukizitikisa mara moja moja, zungusha kwa g 14,000 kwa dakika 10 kwenye nyuzi 4, chukua maji ya juu.

Njia nyingine ambayo mimi naipenda zaidi kwa wanaoanza: vunja moja kwa moja kwa SDS (sabuni kali) asilimia 1 iliyopashwa moto, bila DTT (kemikali ya kukata viunganishi vya salfa kwenye protini) na bila rangi. SDS ya moto inaua fosfatizi papo hapo, hakuna mambo ya kukimbizana. Itakuwa nzito inavutika kama mlenda kwa sababu ya DNA, pitisha kwenye sindano nyembamba mara kumi au weka kwenye sonikeita sekunde chache. BCA inavumilia SDS hiyo, kwa hiyo unapima protini bila shida. Hasara yake ni moja, sampuli hiyo huwezi kuitumia kuvutia protini kwa antibodi wala kwa kipimo cha lambda cha hatua ya 12.

5. Pima protini alafu chemsha siku hiyo hiyo. Pima na BCA kabla ya kuweka Laemmli, kwa sababu DTT na beta-mekaptoethanoli zinadanganya BCA. Bradford (kipimo kingine cha protini) nayo haipatani na SDS nyingi. Sawazisha zote ziwe na kiwango kimoja, weka Laemmli yenye DTT, chemsha nyuzi 95 dakika 5.

Sasa ile habari ya umeme. Sampuli mbichi ya RIPA inayokaa friza ni kitu cha mashaka, vimeng'enya bado viko hai humo, friza ikizima usiku ukakuta asubuhi imeyeyuka, hata kama inaonekana sawa fosfati hujui ilikuwaje. Sampuli iliyochemshwa na Laemmli haina kimeng'enya hai, ikiyeyuka na kuganda mara moja sio mwisho wa dunia. Kwa hiyo usilale na sampuli mbichi. Igawe, chemsha, weka vityubu vya kutumia mara moja moja.

6. Endesha jeli. Mikrogramu 30 hadi 40 kila shimo, ULK1 ni chache kwenye seli nyingi. Jeli ya asilimia 8 inatosha, 6 kama unataka kutawanya vizuri huku juu. Anza volti 80 mpaka rangi ivuke jeli ya juu kisha 120. Acha bendi ya 37 kDa ya leda (protini za uzito unaojulikana) ikaribie chini, huna haja na vidogo. Ukitaka na LC3 (protini ya alama ya otofaji) kutoka sampuli hizo hizo, hiyo iko huko 14 hadi 16 kDa, tumia jeli nyingine ya asilimia 12 au 15 na membreni ya mikromita 0.2, usilazimishe vyote kwenye jeli moja.

7. Hamisha kwenye membreni. PVDF iloweshwe kwanza kwenye methanoli sekunde kadhaa, kisha bafa. Kwa protini kubwa kama hii tumia tanki la maji, volti 100 kwa dakika 90 mpaka saa 2 kwenye baridi, au volti 30 usiku kucha. Zile mashine za haraka za dakika saba zinaweza kufanya kazi ila ndo ambapo ULK1 inabakiaga kwenye jeli na wewe unapata bendi nzuri ya aktini na juu pametulia kimya. Viputo vya hewa vitoe kwa kuviringisha rola.

8. Ponceau, kisha kata. Weka Ponceau dakika chache, osha kwa maji, angalia mistari iko sawa kila shimo, piga picha. Hii picha itakuokoa kwa mhakiki. Kisha kata membreni sehemu ya 100 kDa hivi: juu ni ya ULK1, chini unaweza kusoma fosfo-S6K (Thr389) kama shahidi kwamba mTORC1 kweli imeshuka, na aktini huko 42. Usitumie vinkulini kama kontroli ya upakiaji kwenye kipande hicho hicho, inakaa karibu na 120, mtakuja kubishana ipi ni ipi.

9. Bloku, yani ziba sehemu tupu za membreni antibodi isinate ovyo. BSA asilimia 5 kwenye TBST, saa 1, joto la chumba. Swali la maziwa: maziwa ya unga yana kasini, na kasini yenyewe imejaa fosfati, na pia antibodi nyingi za fosfo kampuni imezipima kwenye BSA. Wapo wanaobloku na maziwa wakapata bendi safi tu, sibishi. Lakini antibodi usiichanganye kwenye maziwa kama datashiti imesema BSA, na siku ya kwanza ya kujifunza fuata karatasi, ubunifu baadae.

10. Antibodi ya kwanza. 1:1000 kwenye BSA asilimia 5 na TBST, usiku kucha, nyuzi 4, ikitikiswa taratibu. Saa moja joto la chumba haitoshi kwa hii, usijidanganye. Mkitaka kutunza mchanganyiko kuutumia tena wekeni sodiamu azidi asilimia 0.02 na uandikwe tarehe, ila signali inapungua kila mara, kwa data ya kuchapisha tumia mpya. Na azidi isikutane na HRP! Inaizima. Yani kwenye antibodi ya pili hakuna azidi kabisa.

11. Osha, antibodi ya pili, picha. Osha TBST mara tatu, dakika 10 kila moja, bafa iwe nyingi na sio vijiko viwili. Antibodi ya pili anzia 1:3000 kwa saa 1. Osha tena mara tatu. ECL, piga picha za muda tofauti tofauti, sekunde 10, 30, dakika 1, dakika 3. Chukua ile ambayo mashine haionyeshi bendi imejaa kupita kiasi, kwa sababu bendi iliyojaa haipimiki tena, nzito na nzito zaidi zote zinaonekana sawa.

Bendi iko wapi? Tafuta kati ya 140 na 150. Hesabu ya amino asidi inakupa kama 112 lakini ULK1 inapanda juu zaidi kwenye jeli, fosfati zake na umbo lake vinachangia, hilo ni la kawaida na datashiti zinaandika hivyo. Na ukiona kwenye njaa au Torin ULK1 ya jumla imeshuka kidogo chini, yani inakimbia haraka zaidi, hiyo ni dalili nzuri, imevuliwa fosfati.

ULK1 ya jumla unaipata kwa njia mbili. Ya kwanza, bandua antibodi ya fosfo kwa bafa ya glisini ya pH 2.2 kisha uanze upya kubloku, na daima fosfo itangulie na jumla ifuate, sio kinyume. Ya pili, endesha jeli mbili pacha za sampuli ile ile. Ya pili ni ghali kidogo ila inakupunguzia maswali, maana zote mbili ni za sungura na kubandua kukiwa hafifu unasoma fosfo ya zamani ukidhani ni jumla. Kabla ya kuweka ya jumla, weka antibodi ya pili peke yake na ECL uone kama bendi ya zamani imeondoka kweli.

12. Thibitisha kwamba ni fosfati kweli. Hii unafanya mara moja kwa kila antibodi mpya, sio kila wiki. Vunja seli zilizoshiba kwa bafa isiyo na vizuizi vya fosfatizi na isiyo na EDTA, ila vya protizi viwepo. Gawa mbili. Nusu weka lambda fosfatizi na manganizi kama kampuni ilivyoelekeza, nusu weka bafa hiyo hiyo bila kimeng'enya ila na vizuizi. Zote nyuzi 30 dakika 30. Bendi ya fosfo ipotee kwenye ya kwanza na ULK1 ya jumla ibaki. Isipopotea, hiyo antibodi yako inasoma protini na sio fosfati, na hapo sasa una ruhusa ya kuandikia kampuni. Wenye bahati ya kuwa na seli zilizoondolewa jini ya ULK1 waziweke kwenye jeli, hiyo inamaliza ubishi wote.

13. Hesabu. Gawanya fosfo kwa ULK1 ya jumla. Sio fosfo kwa aktini. Aktini inakwambia umepakia sawa, haikwambii kama ULK1 yenyewe imepungua. Fanya majaribio matatu ya siku tofauti, mashimo matatu ya siku moja ni jaribio moja.

Na usiandike "otofaji imeongezeka" kwa sababu tu Ser757 imeshuka. Umeonyesha kizuizi kimeondolewa, hujaonyesha gari limetembea. Kusema otofaji unahitaji LC3-II ikiwa na bila bafilomaisini A1 (dawa inayozuia otofaji isifike mwisho), na p62 (protini inayoliwa na otofaji) pembeni.

Ikigoma

*Hakuna bendi popote, hata kwenye jumla.* Tatizo ni uhamishaji au ECL. Angalia Ponceau huko juu, paka rangi jeli yenyewe baada ya kuhamisha uone kama protini kubwa zimebaki. Dondoshea tone la antibodi ya pili kwenye kipande cha membreni, weka ECL, kama haing'ai ECL imekufa au kuna azidi mahali.

*Jumla ipo, fosfo hakuna hata kwenye seli zilizoshiba.* Rudi hatua ya 2 na 4. Seli zilijaa sana, midia ya zamani, uvunjaji wa polepole, vizuizi vya zamani. Jaribu SDS ya moto, na kundi la d, lile la kulisha tena, ndo kontroli chanya yako. Fosfo-S6K ikiwepo na fosfo-ULK1 haipo, hapo angalia kiasi cha protini na muda wa antibodi.

*Njaa haishushi bendi.* Serumu ilibaki, hukuosha vizuri. Au umenyima muda mrefu mno mTORC1 ikaamka. Au unatumia antibodi ya namba nyingine, nenda kasome kityubu. Seli nyingine za saratani zina mTORC1 mkaidi, Torin itakupa jibu: ikishusha Torin na EBSS haishushi, basi ni seli, sio antibodi.

*Bendi nyingi nyingi.* Punguza protini, 1:2000, ongeza kuosha. Bendi za chini ya 100 mara nyingi ni protini iliyokatwakatwa, vizuizi vya protizi vilisahaulika. Bendi ya ukweli ndo ile inayoshuka na Torin NA kupotea na lambda, nyingine ziache.

*Bakigraundi nyeusi yote.* BSA chafu au antibodi ya pili nyingi. Chuja BSA, nenda 1:5000 au 1:10,000.

*Bendi nyeupe katikati na pembeni nyeusi.* HRP ni nyingi mpaka imemaliza ECL yote pale. Punguza antibodi ya pili, usiongeze muda wa picha.

*Vidoti vidoti.* Membreni ilikauka, au antibodi ya pili imeganda vipande, zungusha kityubu kwenye sentrifuji ndogo dakika moja kabla ya kuchukua, chukua ya juu.

*Jana ilitoa leo haitoi na sampuli ni zile zile.* Muulize aliyetengeneza TBST. Kweli, anza hapo, kisha uangalie mchanganyiko wa antibodi umeshatumika mara ngapi.